Neno Lililobaki Moyoni mwa Shuaibu

Mdogo wangu Shuaibu Mwinyijuma anaishi kwa vidole vyake. Alianza na taipureta katika ofisi moja ya serikali hapa Bagamoyo, na ofisi ilipopunguza watu akafungua kijiduka cha kuchapa na fotokopi hapa hapa mjini, mtaa wa Magomeni. Hati za viwanja, barua za kuomba kazi, kadi za harusi, hotuba za waheshimiwa, vyote vimepita mikononi mwake. Vijana wasiojua kupanga sentensi wamemletea hata barua za posa, naye kawapangia vizuri mpaka wakakubaliwa. Maneno ya watu aliyoyachapa hayana idadi. Yake mwenyewe ungeyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kikabaki.

Mimi ni dada yake mkubwa, Mwaija. Nasuka mikeka, na mkono wangu ukiwa kazini mdomo haukai bure. Subira sina, na sitajifanya ninayo. Shuaibu alipokuwa mdogo marehemu mama alimpeleka kusomewa dua akidhani mtoto ni bubu, mpaka siku moja akamsikia anamhesabia kuku wake kwa ufasaha kabisa. Alikuwa anaweza kusema tangu zamani. Alikuwa haoni sababu tu.

Mtu kama huyo ndiye aliyemwoa Habiba. Habiba ni mtoto wa Miono, wa watu wa jembe, na kwao ukipita njiani bila kusimama kuzungumza wanaona unaumwa. Alikuja mjini na kicheko chake, akawa anakaanga bajia asubuhi mbele ya nyumba, na wateja walikuwa wanakuja kwa mazungumzo kabla ya bajia. Walikaa miaka thelathini na mmoja. Mungu hakuwajaalia mtoto, na sijawahi kumsikia mmoja akimlaumu mwenziwe kwa hilo. Lakini nyumba isiyo na mtoto, na mume hasemi, mwanamke hubaki anaongea na sufuria.

Sasa nieleze habari ya Mwalimu Hilari, maana bila yeye kisa hiki kingekuwa cha ugomvi wa kawaida. Mwalimu Hilari Mkude ni Mkatoliki anayekaa Zinga. Aliwafundisha makatekista miaka mingi, na baada ya kustaafu akaamua kuandika kitabu kwa Kiswahili kueleza walimu wa kale kabisa wa Kanisa, wale wa miaka mia moja hadi mia nne baada ya Nabii Isa, walivyofikiri kuhusu Neno la Mungu na kuumbwa kwa ulimwengu. Macho yakamkatalia katikati ya kazi. Akatafuta mtu wa kumsomea na kumchapia, mwenye Kiswahili safi na asiyeongea hovyo. Watu wote wa Bagamoyo na Zinga wakamtajia jina moja.

Shuaibu kwanza alikwenda kumuuliza Maalim Abdulrazak wa msikitini kwetu kama inafaa. Maalim akamwambia fundi akitengeneza meza haulizi nani atakula juu yake, ila ashike imani yake. Basi kuanzia mwezi wa Shaabani akawa anakwenda Zinga mara tatu kwa wiki na kompyuta yake begani. Mwalimu Hilari, mzee mkali anayeweza kugombana nusu saa kwa ajili ya alama moja ya mkato, alikuwa anamfunga mbwa wake kabla mgeni hajafika, na Ramadhani yote hakuonja kahawa mbele yake. Kwenye suala la Isa kila mmoja alibaki na yake. Mwalimu anasema Neno ni Mwana, Shuaibu anasema Mungu hana mwana. Halafu wanarudi kwenye mkato.

Siku ya pili ya Mfunguo Mosi, yaani kesho yake baada ya Idi, nilialika watu nyumbani kwangu. Walikuja pia wageni wa Miono, ndugu zake Habiba, tukala pilau, tukashiba. Mtu mmoja akamwomba Shuaibu atoe neno la shukurani kwa niaba ya wenyeji. Akasimama. Akatazama sahani. Akakaa. Habiba, kwa kumwokoa kama alivyomwokoa mara elfu, akacheka na kusema, "Msimsumbue jamani. Mimi niliolewa na ukuta, na hata ukuta ukiuita unarudisha sauti."

Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka nikafuta machozi kwa upande wa khanga. Nasema hili wazi kwa sababu sitaki mtu adhani nasimulia makosa ya wengine tu.

Waliporudi kwao alasiri ile, Shuaibu alisimama mlangoni kabla hajavua viatu, akamwambia mkewe, "Habiba binti Husseni, nimekuacha talaka moja." Hakupiga kelele. Alitaja jina la baba yake, akataja idadi, kama mtu anayejaza fomu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini ndugu yangu hakujikwaa hata kidogo. Miaka thelathini na mmoja hakuwa na la kumwambia mkewe mbele ya mlango ule, na alipolipata likawa hilo.

Talaka moja si mwisho. Kwetu pwani hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua: mke anakaa eda, na kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi kama Habiba eda ni miezi mitatu ya mwandamo. Ndani ya miezi hiyo mume akitaka anamrejea, na kumrejea ni kwa kutamka. Anasema, nimekurejea, basi. Hakuna mahari mapya wala kadhi. Ni neno moja. Eda ikiisha hajalisema, yule mwanamke si mke wake tena.

Kaka yake Habiba, Yunus, alikuja kumchukua akakae eda kwao. Habiba akakataa. Alisema dini imeagiza mke akae eda katika nyumba ile ile ya mumewe, huenda Mungu akazua jambo, na yeye atakaa. Yunus akarudi Miono akinung'unika. Mimi nilimwelewa wifi yangu. Alikuwa anampa mume wake miezi mitatu ya kufungua mdomo.

Na Shuaibu alimtaka. Hilo sikuwa na shaka nalo hata siku moja. Alihamia chumba cha mbele kwa adabu, akamwachia chumba kikubwa. Akabadilisha wavu wa dirisha uliokuwa umetoboka tangu mvua za mwaka juzi. Kila jioni alileta samaki aina anayoipenda Habiba, amekwisha parwa. Idi ya Mfunguo Tatu alichinja mbuzi, na maini, ambayo yeye mwenyewe anayapenda kufa, akayafunika kwenye sahani akayaweka mlangoni kwa Habiba. Kila nilipokwenda nilimkuta wifi yangu anatazama kitu kipya alichofanyiwa. Alikuwa anakitazama, kisha ananitazama mimi, kisha anauliza, "Kakwambia chochote?" Nami najibu hapana.

Zikabaki siku nne. Nikaenda dukani kwake. Wateja walikuwa wawili, nikawaambia mashine imeharibika, wakaondoka. Nikamuuliza ndugu yangu anangoja nini. Akaniambia, "Dada, nimeshamrejea. Moyoni nilimrejea tangu siku ya tatu. Anaona ninavyofanya."

Nikamwambia moyo hauna ulimi. Ndipo akatoa mfukoni mwa shati karatasi iliyokunjwa. Ulikuwa ukurasa wa tisa wa kitabu cha Mwalimu Hilari. Nilisoma mwenyewe. Ulisema kwamba askofu mmoja wa kale wa Antiokia alifundisha hivi: kabla ya mbingu na nchi, kabla hakijakuwapo chochote, Mungu hakuwa mtupu wala mpweke, kwa sababu Neno lake lilikuwa ndani yake, moyoni mwake, likiwa shauri lake na hekima yake. Halijasikika na yeyote, na bado lilikuwa kamili. Halikupungukiwa na kitu.

Ukurasa ulikuwa umelainika kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Nikaelewa kwamba mdogo wangu alikuwa anatembea nao kama watu wanavyotembea na hirizi. Mtu akiogopa jambo hutafuta kitabu kitakachompa ruhusa ya kuliogopa, na yeye, Muislamu anayesali vipindi vitano, alikipata kwa Mkatoliki wa Zinga.

Nilikasirika, na nikikasirika sichagui maneno. "Shuaibu," nikasema, "hayo ni ya Mungu. Wewe ni mtoto wa Mwinyijuma. Fungua mdomo wako." Akaniambia atafanya jambo kabla ya siku kuisha, na Habiba ataelewa. Nikaondoka nimeridhika nusu.

Siku ya mwisho nilikuwa uwani na Habiba tangu adhuhuri, tunachambua ukili wa kusukia mikeka. Alikuwa ameoga, kavaa gauni la Idi, kasuka nywele vizuri na kuziacha wazi. Alizungumza sana, mambo ya Miono, ya mbuzi wa jirani, ya mteja aliyemlipa kwa maembe. Kila mlango ulipolia alinyamaza.

Shuaibu alikuja baada ya swala ya alasiri. Alikuwa na mfuko. Akampa Habiba, kisha akakaa kwenye ngazi akaanza kufungua kamba za viatu. Ndani mlikuwa na doti ya khanga, nzuri, nyekundu iliyoiva, pamba nzito. Habiba akaikunjua mapajani akasoma jina la khanga kwa sauti: SINA PENGINE ILA KWAKO. Nikaona uso wake unataka kucheka. Akangoja. Shuaibu alikuwa bado na kiatu kimoja.

"Hii ni ya nini, Shuaibu?" akauliza.

"Si umesoma."

"Nimesoma. Haya kayasema aliyeichapa. Wewe unasemaje?"

Midomo ya ndugu yangu ilicheza. Nilikuwa nimekaa hatua tatu tu, nikaona kabisa inacheza, na mimi mdomoni mwangu lile neno lilikuwa tayari, nimekurejea, ningeweza kulitema nikamlisha kama kifaranga. Alihangaika na kamba za kiatu. Mwisho akasema, "Imeshaandikwa, Habiba."

 Habiba akaikunja khanga, akailaza juu ya mkeka, akaendelea kuchambua ukili. Tulikaa hivyo watatu mpaka jua likazama. Adhana ya magharibi ilipoanza msikitini, alivuta mtandio uliokuwa mabegani, akafunika nywele zake zote, akazichomeka pembeni zisionekane, kama mwanamke anavyofanya anapoingia mwanamume asiye wake. Akasema "Haya" kwa sauti ndogo, akaingia ndani kusali. Shuaibu aliutazama mtandio ule, na nadhani hapo ndipo alipojua siku imeisha.

Asubuhi Yunus alikuja na gari la kukodi. Habiba alichukua nguo zake na karai la bajia. Khanga aliiacha juu ya mkeka.

Sitaeleza wiki zilizofuata. Nilikasirika na Shuaibu, nikakasirika na Mwalimu Hilari nisiyemjua, nikakasirika na mimi mwenyewe na kicheko changu cha siku ya pili ya Idi. Shuaibu aliendelea kwenda Zinga. Kazi haikuwahi kumshinda. Mwalimu alikuwa amefika sura ya tatu, juu ya mwalimu mwingine wa kale, wa Iskanderia. Alikuwa anasema pole pole, na Shuaibu anachapa. Huyu wa Iskanderia, Mwalimu akaeleza, alifundisha kwamba vitu vyote vimetolewa katika kutokuwapo. Kwa hiyo kila kitu, kikiachwa, kinaelekea kurudi kule kule kilikotoka, kwenye kutokuwapo. Mungu kwa wema wake hakuumba kwa Neno kisha akakaa pembeni. Kwa Neno lile lile anavishika vitu visianguke, leo, kesho, kila saa. Neno likiacha kushika, hakuna kitakachosimama.

Mwalimu Hilari akasikia vidole vimeacha kugonga. Akangoja. Akauliza kama umeme umekatika. Shuaibu akamwambia umeme upo. Kisha akamweleza, kuanzia talaka mpaka ukurasa wa tisa aliokuwa anatembea nao. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye, na alisema hakuwahi kumsikia akiunganisha sentensi mbili za habari zake mpaka siku hiyo, na siku hiyo aliunganisha kama kumi.

Mzee wa watu alishtuka. Alimwambia asome ukurasa wa kumi. Shuaibu akasema anaujua, aliuchapa mwenyewe. Mwalimu akasema ausome hata hivyo, kwa sauti. Ukurasa wa kumi unasema Mungu alipotaka ulimwengu uwepo alilitoa Neno lake nje, akalitamka, na kwa kulitamka hakubaki bila Neno. Ni kama moto: ukiwashia moto mwingine, wa kwanza haupungui. Mwalimu akamuuliza ndugu yangu kama katika kuchapa kwake kote hilo hakuliona. Shuaibu akajibu kwamba aliliona, ila hakuliamini upande wake yeye. Tangu utoto alidhani lenye thamani ukilitoa linaisha.

Nilipokwenda Zinga kumlaumu yule mzee nilimkuta analia. Aliniambia amefundisha miaka arobaini na hakuwahi kuuliza mwanafunzi anakwenda nyumbani kwa nani.  Nikanywa kahawa yake.

Mwezi wa Mfunguo Sita Shuaibu alinijia na kanzu iliyopigwa pasi. Talaka ilikuwa moja tu; angeweza kumposa Habiba upya, kama mwenyewe akikubali. Alinitaka nifuatane naye kama mkubwa wa ukoo. Nikamuuliza nani atakayesema. Akasema, "Mimi."

Tulipitia Msata, tukafika Miono karibu na adhuhuri. Yunus alitupokea kwa heshima ya baridi. Nilimwamkia mama yao, akaitikia marahaba bila kunitazama. Habiba alikuja akakaa upande wa pili wa ukumbi, kajifunika vizuri, akatusalimia kwa zamu. Alikuwa amepungua mwili. Nikafungua mazungumzo kama inavyopasa, nikasema tumekuja kuposa tena pale pale tulipoposa, kisha nikanyamaza, jambo gumu kwangu.

Shuaibu akasema. Sijui nitalielezaje hili. Alisema kwa muda unaotosha kuivisha chungu cha wali, bila karatasi, macho sakafuni. Alimwambia Habiba alivyomwona mara ya kwanza kwenye mazishi kijijini Mandera, amebeba ndoo mbili, na kwamba siku ile alirudi Bagamoyo akachapa barua nzima ya ofisi kinyume. Alimwambia kila asubuhi miaka ile yote alikuwa anaamka kabla yake, analala kimya na kumsikiliza anavyozungumza na wateja wa kwanza, na kwamba hakufungua redio kwa sababu hiyo. Alitaja magauni yake kwa rangi. Alitaja wimbo aliokuwa akiuimba akisonga ugali. Aliomba radhi kwa talaka, akasema aliitoa kwa aibu, na kwamba siku ya khanga neno lilikuwa limefika kwenye meno.

Kisha akasema jambo ambalo hata mimi dada yake sikulijua. Alisema, "Ule mwaka wa tano, mimba ilipoharibika. Nilikuja nikakwambia nipe chai."

Habiba akanyanyua uso.

"Nilikuwa natoka nyuma ya choo," Shuaibu akasema. "Nilikuwa nimelia huko mpaka nikatapika. Nilikuwa nimeshampa jina."

 Yunus aliondoka akaenda kusimama mlangoni, ametupa mgongo. Habiba alikuwa analia wazi, hafuti, na mimi nikasema moyoni basi, imekuwa, Mungu mkubwa, tutarudi watatu. Nikaanza hata kufikiria nani nimwalike.

Habiba alikaa mpaka pumzi zikamrudia. Akamuuliza, "Haya yote yalikuwamo ndani muda wote?"

"Yote," akasema Shuaibu. Kwa mara ya kwanza alikuwa anamtazama. Nadhani aliona anampa zawadi.

"Miaka ishirini na sita nilidhani nililia peke yangu," Habiba akasema. "Nilikuwa najiambia, masikini Shuaibu, Mungu hakumpa maneno, utamdai nini mtu asiye nacho. Nikakusamehe kila siku kwa sababu hiyo. Nilipokaa eda nilikuwa nakusamehe bado. Kumbe ulikuwa nacho. Ulikuwa nacho tele, ukanitazama na njaa yangu ukaninyima."

Shuaibu akasema jina lake. Hilo tu ndilo lililomtoka.

"Hukuwa masikini," Habiba akasema. "Rudi kwako, Shuaibu. Nimesikia, na ahsante. Lakini laiti ungekuja bila kitu, ningerudi nawe leo."

Aliinuka akaingia ndani. Hatukumfuata. Yunus alitusindikiza mpaka barabarani, na yeye aliyetupokea kwa baridi sasa alikuwa anambebea Shuaibu mfuko. Habiba hajaolewa hadi leo. Anakaanga bajia Miono, na nasikia wateja anao. Nimempelekea salamu mara mbili na anarudisha salamu zangu mimi peke yangu.

Kitabu cha Mwalimu Hilari kimekwisha, na jina la aliyekichapa limo ukurasa wa pili. Siku hizi Shuaibu hufunga kijiduka kila Ijumaa. Akitoka msikitini anakuja kwangu, anakaa kwenye kibao karibu na mikeka yangu, na anasema. Anasema mpaka alasiri, yote juu ya Habiba: anavyokata kitunguu, anavyomtania kondakta, anavyolala na mkono chini ya shavu. Mimi niliyemsumbua utoto mzima afungue mdomo sasa ninakaa kimya na kumsikiliza, maana sina moyo wa kumkatiza. Ijumaa iliyopita alinieleza kwamba Habiba akicheka huanza macho kabla ya mdomo, na kwamba kwa ajili ya hayo macho yeye angeweza kuishi tena miaka yote ile. Nikamuuliza kama aliwahi kumwambia hilo. Akafikiri, akasema hapana, hilo hata Miono alilisahau. Kisha akaendelea kunieleza mimi.